Sindano Haitafutwi Kwenye Tope

Jumamosi, 3 Mei
Kozi ya kuzamia imeanza! Machimbo ya zamani ya kokoto, yamejaa maji, baridi kama friji. Mama mkwe katuaga mlangoni: Mungu angetaka mzame, angewapa magamba. Mume wangu, fundi cherehani asiyekosa jibu, akasema na angetaka tuvae suti tungezaliwa na vifungo.

Mwalimu ni mwanamke mfupi mwenye sauti ya honi. Karudia mpaka basi: maji yakichafuka ghafla, tulia. Usipige mapezi ya miguuni. Pumua taratibu, mshike mwenzako. Mkipoteana, mtafute dakika moja tu, kisha panda polepole, mkutane juu. Hata nikidhani bado yuko chini? aliuliza mume wangu. Hasa hapo, akajibiwa.

Jumapili, 4 Mei
Salama, lakini ah!

Pezi langu liligusa tope tu — maji yakawa chai ya maziwa. Sikuuona hata mkono wangu. Moyo mbio. Nikajiambia, taratibu, mama. Nikageuka, nikapapasa. Mume wangu hayupo. Dakika ikaisha, nikapanda polepole, bila kubana pumzi.

Juu jua zuri, maji matulivu, na mimi peke yangu.

Mwalimu alifuata mapovu ya mume wangu akamtoa. Alikuwa ananitafuta kwa viganja, sakafu nzima, akizidi kulivuruga tope. Mtungi wake wa hewa ulikaribia kwisha! Eti: ningepandaje nikuache chini, mke wangu? Mwalimu akamwambia, bwana fundi, aliyepotea ni wewe.

Tulicheka njia nzima. Nilianika nguo za kuzamia, yake kando ya yangu.

Jumatano, 7 Mei
Nimejua kwa nini hakupanda — cherehani! Nimepita kazini kwake, nikakuta mafundi wote wanne, naye akiwemo, wanatambaa sakafuni. Sindano imedondoka, na sheria yake ni hiyo: hanyanyui mguu mtu mpaka ipatikane.

Nikamwambia, mimi si sindano, mimi naelea.

Akacheka. Kisha akauliza kwa sauti ndogo: na siku ukiwa chini kweli? Basi panda ukamwite mwenye hewa ya kutosha, nikasema. Akaendelea kupapasa.

Jumamosi, 10 Mei
Niko gatini, ukingoni mwa machimbo. Mafua yameziba masikio, nimekatazwa kuzama. Mume yuko chini na mwalimu. Mwalimu kaninong'oneza mpango: atatibua tope makusudi, ajifiche nyuma yake. Mume akipanda mwenyewe, anapata cheti. Asipopanda, hazami tena na mtu — hata na mimi.

Tope limetibuka. Naona mafungu mawili ya mapovu. La mwalimu limetulia. La mume wangu linazunguka, linazunguka. Viganja hivyo! Navijua.

Mama mkwe kaleta chupa ya chai. Anauliza natazama nini. Sindano, nikamjibu. Kaguna, lakini kakaa.

Dakika imeisha. Panda, fundi wangu.

Bado linazunguka.

Mama mkwe kanibana bega, mwandiko unakwenda mrama. Ngoja — limeacha kuzunguka. Limesimama pale pale, mapovu yanazidi kuwa makubwa — anapanda!