Sufuria la Mtaa

Jumatatu, 14 Julai

Leo zamu ya jikoni. Jana niliishia kwenye nguo. Mke wangu Zuhura kaenda Kidahwe kumuaga mama yake, kaniachia kazi moja tu, nipunguze vitu. Meli ya Mpulungu inaondoka Jumatatu ijayo. Hatuwezi kuhamia Zambia na nyumba nzima mgongoni. Nimepata kazi huko, kutengeneza mashine za boti, mkataba wa miaka miwili.

Mke wangu alisema nianze na vya kwangu. Nimeanza na vya kwake.

Kazi tamu hii. Chupa za chai, mikeka, mapazia, vyote nimegawa. Kila ninayempa ananiombea dua. Nilikuwa sijui kama kutoa kunanoga hivi.

Vya kwangu viko stoo. Vyuma vya mashine za boti, tangu nimeanza ufundi. Mapangaboi, pistoni, vifuniko. Mashine zenyewe zilishakufa zamani. Sijavigusa. Vinaweza kufaa.

Jumanne, 15 Julai

Kapita Mama Joti, mama ntilie wa kule Katonga wanakoshusha samaki. Kaona sufuria kubwa jikoni, lile mtu mzima anaweza kukaa ndani.

"Baba Tatu, na hili nalo linavuka ziwa?"

Nikamwambia chukua. Kapiga kigelegele mpaka majirani wakatoka. Kasema wanaume kama mimi wameisha Kigoma hii. Nikamtwisha mwenyewe.

Nimetembea mtaani kifua mbele hadi jioni. Nimelala vizuri.

Jumatano, 16 Julai

Zuhura karudi na mkungu wa ndizi na dumu la mawese. Kasifu nyumba ilivyokuwa peupe. Halafu kaingia jikoni. Kapekua kona zote. Halafu:

"Sufuria la mtaa liko wapi?"

Lile sufuria si letu. Ni la kikundi cha akina mama wa hapa Ujiji, la misiba na harusi. Zuhura ni mtunzaji tu. Jumamosi Bi Mwajuma, mwenyekiti wao, anaozesha binti yake, na pilau inapikwa humo. Wakishamaliza kula, Zuhura akabidhi vyombo mbele ya wote, aondoke na jina safi. Hilo tu ndilo analolitaka kabla ya safari. Kalisema mara ngapi.

Nikasema kuna mtu kaja kuliazima. Uongo umetoka wenyewe. Kauliza nani. Nikasema simkumbuki. Ovyo kabisa.

Hapa kwetu kila chombo kina alama ya rangi kwenye kitako. Ya kikundi ni nukta tatu nyekundu. Hata mtoto anajua, kabla hujatoa chombo, kigeuze. Sikugeuza. Nilikuwa nasifiwa.

Alhamisi, 17 Julai

Asubuhi Katonga. Dagaa wameanikwa mchangani, huna pa kukanyaga. Sufuria liko juu ya mafiga, maharage yanachemka. Mama Joti kanikaribisha kama mfalme. Nikamwambia nimebadili mawazo, nalitaka.

Nilikosea. Ningesema ukweli pale pale. Kageukia wavuvi.

"Jamani njooni! Baba Tatu kanipa kwa mkono wa kulia, leo anadai kwa wa kushoto!"

Wamecheka. Mmoja kauliza kama namdai na maharage. Mama Joti kasema sufuria zake zote ndogo kashampa mdogo wake, kwa sababu yangu. Sasa apikie kofia? Ana haki. Nikarudi mikono mitupu.

Nyumbani nikamkuta Bi Mwajuma mkekani. Kafuata sufuria. Zuhura anamwambia lipo, lipo kwa mtu, litakuja. Hakuniangalia. Mwanamke huyu simjui kwa uongo. Anadanganya kwa ajili yangu, na anadanganya vibaya.

Hapo nimeshindwa. Nimekaa chini, nimesema yote. Nimeligawa mimi. Sikugeuza. Hakuna aliyeliazima, nilimdanganya Zuhura.

Bi Mwajuma kapiga makofi ya mshangao. Halafu:

"Shemeji, sadaka umetoa ya mtaa mzima. Thawabu nazo utatugawia?"

Nilitamani kucheka. Zuhura hakucheka. Kaniuliza kitu kimoja tu.

"Na vyuma vyako umempa nani?"

Kipindi chote hiki nimekuwa mkarimu kwa vitu vya mke wangu. Hata kijiko changu hakijatoka. Nimeona aibu ya kweli.

Ijumaa, 18 Julai

Nimefungua stoo kabla ya chai. Nimejaza guta zima. Nimepeleka Kasingirima, kwa fundi anayeyeyusha vyuma vyepesi na kumimina masufuria.

Kila kipande nilitaka kukielezea. Hili pangaboi lilipiga jiwe huko Kalemie. Hiki kifuniko nilikiziba mwenyewe, mvua inanyesha. Fundi kanisikiliza, kanisikiliza, akachoka.

"Mzee, tunayeyusha au tunazika?"

Nikamwambia yeyusha. Pangaboi langu limelegea kama siagi juani. Nilidhani nitalia. Nimecheka. Sijui kwa nini, nimejisikia mwepesi.

Alasiri sufuria jipya limetoka kwenye kalibu ya mchanga. Zito, linang'aa, ukubwa ule ule. Nimelisugua, nimelipeleka Katonga. Safari hii nimesema ukweli, mbele ya wavuvi wale wale. Lile halikuwa langu. Hili ni langu, limetokana na vyuma vyangu, nimekuja kulitoa.

Mama Joti kalipindua kwanza. Kakagua kitako, kapitisha na kidole. Safi, hakuna alama.

"Sasa hapa umetoa," kasema.

Lile la mtaa kanirudishia na dagaa ndani. Chombo hakirudi kitupu. Nimelipitisha Ujiji nzima kichwani, na salamu juu. "Baba Tatu, umegeuza?" Hata watoto.

Jumamosi, 19 Julai

Harusi. Pilau imeiva, bibi harusi kapendeza. Zuhura kakabidhi vyombo, kimoja kimoja, kila kimoja kinageuzwa, akina mama wanaitikia. Lilipofika lile sufuria wakaniita mimi nikaligeuze. Nikageuza. Nukta tatu. Vigelegele mpaka masikio yakaziba. Bi Mwajuma kamkumbatia Zuhura, hawaachiani.

Halafu nikapewa waya wa kusugulia na majivu. Ukoko wote nimesugua mimi. Halali yangu. Mgongo unauma na bado nacheka.

Jumatatu, 21 Julai

Bandarini. Mabegi mawili, godoro, sanduku la spana. Basi. Ziwa limetulia.

Kuna kitu sikuandika Ijumaa. Pistoni moja sikumpa fundi. Ndogo, ya mashine ya kwanza niliyowahi kuifufua. Niliichomeka kwenye soksi, chini ya begi. Hakuna aliyeona.

Leo, kabla Zuhura hajafungua begi, nimemwambia. Nimesema kuna chuma kimoja nimebakiza, kiko kwenye soksi. Nimesema bila kuulizwa.

Kafungua begi. Kaitoa, kaigeuza, kaangalia kitako chake. Hakina alama. Halafu kaifunga kwenye kona ya kitenge chake, kakaza fundo.

Meli imepiga honi.