Baba, Umesema "Ila"

Baba,

Sikuandika "mpendwa" hapo juu, na si kwamba nimesahau. Barua hii sikuifunga. Bi Mwanaidi atakuletea ikiwa wazi hivi hivi, na kwa kuwa macho yako hayaoni vizuri siku hizi, utasomewa na mmoja wa watu wako wa maombi huko Mbagala. Nataka aisome kwa sauti, wenzake wote wasikie.

Jana Bi Mwanaidi, jirani yetu yule yule wa Temeke, alirudi kutoka huko alikokwenda kununua nazi. Shikamoo yangu aliiitikia akiwa bado mlangoni. "Marahaba, mwanangu. Nimepita kwa baba'ako, yu kitandani. Nikamwuliza, hujambo Mwalimu? Akanijibu, sijambo, ila kichomi. Wallahi kasema ila! Nimemsikia mie kwa masikio yangu."

Nilikaa chini, baba. Nilicheka mpaka Bi Mwanaidi akaniogopa.

Unakumbuka mama alivyokuwa akikuitikia? Ulikuwa ukirudi kutoka kazini bandarini, karani na kaptula yako ya kaki iliyopigwa pasi, unaegemeza baiskeli ukutani, unaanza, "Hujambo, Mama Neema?" Naye, "Sijambo, ila chumvi imekwisha." Siku nyingine, "Sijambo, ila huyu binti yako kanivunjia mtungi." Ulicheka. Ulimwita Mama Ila, nami nikiwa begani kwako nilidhani ndilo jina lake la ubatizo. Nilikupenda mno siku zile, na hilo ndilo linalonikera zaidi.

Kisha ukakutana na wale wahubiri wa uponyaji. Ukajenga banda la makuti nyuma ya nyumba, watu wakaanza kukuita Mwalimu. Ukawafundisha kwamba aliyeombewa amekwisha kupona, hata kama mwili haujapata habari. Na ukapiga marufuku neno moja. "Ila ni mlango wa Shetani," ulisema. "Tena linajitaja lenyewe, maana ila ni dosari. Mkristo akiulizwa hujambo, aseme sijambo, anyamaze." Watu wa bara wenzetu, ambao Kiswahili kilikuwa bado kigeni vinywani mwao, waliona umewafumbulia siri kubwa. Bi Mwanaidi peke yake ndiye aliyekuuliza, "Sasa shemeji, huyo mgonjwa atasemaje anapoumwa?" Ukamwambia hayo si ya dini yake.

Mvua za masika zikaja na kichomi cha mama. Jumapili ulimsimamisha mbele ya watu, mkono wako mmoja kichwani mwake, wa pili ukimshika kwapani asianguke. "Hujambo, Mama Neema?"

"Sijambo," alisema. Akavuta pumzi, nikaona midomo yake ikijiandaa kwa lile neno. Akakutazama. Akalimeza. Banda zima likapiga makofi, na wewe ukalia kwa furaha.

Kesho yake Bi Mwanaidi alimleta dresa wa zahanati na mkoba wake wa vidonge. Ulisimama mlangoni. Hukumsukuma, nakupa haki yako. Uliita tu kuelekea ndani, "Mke wangu, hujambo?" Sauti ya mama ikatoka nyembamba, "Sijambo." Ukamgeukia dresa, "Umesikia mwenyewe." Akaondoka na vidonge vyake. Mama alikufa wiki ile ile, asubuhi, nikimkorogea uji. Makaburini ulihubiri kwamba sasa amepona kabisa.

Nimekuchukia tangu siku ile, nasema bila kuzungukazunguka. Mungu sikumwacha, ukitaka kujua, ingawa ulijitahidi sana kunifukuza kwake. Yesu alipoitwa na kipofu njiani, alimwuliza anataka afanyiwe nini, akamwacha aseme shida yake kwa kinywa chake. Hakumlazimisha aseme anaona. Mimi nasali hivyo, na ila zangu zote, na radi haijanipiga bado.

Sasa kichomi kimekushika wewe, na ulimi umekuteleza. Au labda haukuteleza. Labda mwili unapokuwa wako ndipo neno linapoacha kuwa la Shetani. Bi Mwanaidi anasema watu wako wananong'ona, na kwamba Jumapili wanataka kukusimamisha kama ulivyomsimamisha mama. Hawatakusimamisha. Jumamosi nakuja na lori la mkaa, na utapakiwa humo, upende usipende, mpaka hospitali. Atakayesimama mlangoni ajue kwamba mimi sitaondoka kama yule dresa.

Usidhani nimekusamehe. Ugonjwa huo nimekwisha kuuona ukiua mtu ndani ya nyumba yetu, na sitaki kuuona tena, hata ukiwa umekushika wewe.

Daktari atakuuliza hujambo. Utamjibu yote, nikisikia. Ila kifua, ila kikohozi, ila usingizi, usibakize hata moja. Ukimaliza za kwako, utasema na ile ya mama, uliyommezesha siku ile. Useme alikuwa anaumwa wapi. Nitakuwa nimesimama hapo hapo, nasubiri.

Na kama ukiuliza hali yangu, sijambo, ila mama hayupo.

Ni mimi,
binti wa Mama Ila