Waliotazama Titi Hawakutazama Mguu

Mwanangu Skola,

Salamu nyingi kutoka hapa Malangali. Baba yako hajambo ila kifua, upepo huu wa Juni unamwonea. Mdogo wako Deo yupo Kasesya anapakia malori, anasema poa tu. Bibi yako anakuulizia, anasahau, tunamwambia upya, analia upya. Anjela wako ameota meno ya nyuma, anakula ugali wa ulezi kama mkulima. Mimi mzima, nadanganya kidogo.

Skola, wamekuja. Mama mkwe wako na yule wifi yako, kutoka Milepa, na kanga mpya. Eti wanamtaka mtoto wa ukoo wao. Nikawatazama mpaka chai ikapoa. Si hawa hawa waliosema umembemenda mtoto, umetoka nje ya ndoa huku unanyonyesha, ndiyo maana titi limevimba? Si hawa waliomtoa Anjela kifuani pako wakampa uji, na bakuli lake wakaliweka mbali na yao? Jana alikuwa sumu. Leo ni wa ukoo.

Na wifi yako ndiye daktari wao! Alivyouchokonoa ule weusi wa unyayoni mwako kwa pini: "Tulia wewe, mwiba wa shambani huu!" Mwiba gani hautoki msimu mzima? Mganga wao naye akapaka titi dawa, mguu hakuuliza. Mpaka yule daktari wa hospitali kubwa alipokwambia, "Dada, hebu vua viatu." Akasema ugonjwa haukuanzia kwenye titi, ni kansa ya ngozi, imezaliwa unyayoni ikapanda. Akasema ni nadra, hata yeye... basi. Nimewaeleza hao wawili yote. Wifi akajibu, "Basi alikanyaga uchawi." Kuku ana afadhali, yeye angalau hutazama chini.

Nikawaambia chai imeisha. Lakini watarudi na wazee. Mumeo amekaa kimya kama gunia, na baba yako anasema mtoto ni wa kwao, ndiyo mila.

Kila jioni namwosha Anjela miguu, nageuza unyayo, natazama. Huko Milepa nani atamtazama? Nakuahidi, simtoi. Lala salama, Skola wangu. Kama hutaki, njoo ndotoni uniambie upesi, kabla hawajarudi. Ukinyamaza, nitajua umekubali.

Mama yako