Maji Ninayochota Kila Jumanne

Mshauri wetu mpendwa, nisikilize, maana nimefika mahali sijui kama niko macho au naota. Mimi ni mpima maji wa mgodi, watoto wa njiani huniita Mama Chupa kwa sababu ya kisanduku changu cha chupa, na kila Jumanne asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mto, nashuka na chupa zangu, naingia hadi magotini, na hapo, mshauri, moyo wangu hutulia kabisa, maji yananipita miguuni yakinong'ona, mitambo inasikika kwa mbali kama mtu anayekoroma chumba cha pili, na mimi nasahau hata jina langu.

Shida ni pale ninapochota. Nilipoajiriwa miaka mitatu iliyopita mkuu wa maabara ya mgodi aliniambia, "Dada, wewe ndiye mwenyeji, chagua mahali pazuri pa kuchota, mradi pawe chini ya pale bomba letu linapomwaga maji machafu," basi mimi kwa kujivuna nikachagua mahali pazuri kweli, maana shangazi aliyenilea alinifundisha tangu nikibeba kindoo kwamba usichote penye tope, tafuta palipo peupe, nikapata pale chini ya jiwe kubwa, na ripoti za mgodi zikawa zinatoka safi, mto hauna neno. Mwezi uliopita mto ulipopungua kwa kiangazi nikaona kwamba chini ya jiwe lile kuna chemchemi yenye kidimbwi chake, na mto wenyewe unapita pembeni, una rangi ya kutu. Miaka mitatu nimepima chemchemi, mshauri, mto sijaupima hata siku moja.

Nikamwendea mkuu, akacheka, akasema, "Mahali ulichagua mwenyewe, na sahihi ni yako. Tulia." Mwezi ujao leseni ya mgodi inaangaliwa upya na ripoti yangu ndiyo itakayosomwa, nikisema ukweli na mgodi ukafungwa, kaka yangu anayeendesha lori la mawe atarudi kukaa kibarazani, zahanati ya mgodi niliyojifungulia mwanangu itakosa daktari, taa zitazimika mtaa mzima, na watu watanila mzima. Nisiposema, shangazi anaishi huko chini kwenye kona ya mto, anamwagilia mboga zake maji hayo na kuyanywa, mikono imeanza kumbabuka anasema ni uzee, nami nikienda kumsalimu nabeba maji yangu mkobani, namdanganya kwamba tumbo langu siku hizi halitaki maji mageni. Mchana nikisinzia mezani naota mto wote umeingia ndani ya chupa yangu na chupa bado ni nyeupe. Hivi mgodi huu ni neema au ni balaa? Nifanye nini?

Mpima Maji

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama. Umenibembeleza na ukungu na minong'ono hadi nikakaribia kusinzia, kisha mbiombio ukapitisha kwamba kwa shangazi unabeba maji yako. Usingizi ukaniruka. Kumbe jibu unalo, unatembea nalo mkobani! Aliyekulea anakunywa, wewe unamtazama. Nakuonea huruma, lakini ni aibu.

Kosa la kwanza nakusamehe bila kusita. Mtu aliyelelewa vizuri akiona maji meupe hainami kwenye machafu, hata mimi ningechota palepale. Ila tangu mwezi uliopita si kosa tena, ni siri, na siri hiyo watu wanainywa.

Unauliza kama mgodi ni neema au balaa. Sijui. Hajui waziri, hajui mwenye mgodi, wala hawajui wanaobishana redioni kila jioni, kwa sababu wote wanategemea chupa zako. Zahanati ni ya kweli na kazi ya kaka yako ni ya kweli, sizibezi. Pengine wakitengeneza bomba lao mgodi utawalisha hadi wajukuu. Pengine haufai kabisa. Kuufunga au kuuacha si kazi yako, usijitwike. Kazi yako ni kuchota, basi chota mtoni.

Jumanne jaza chupa tatu: chemchemini, chini ya bomba, na mtoni mbele ya nyumba ya shangazi. Andika mahali na saa kwa mkono wako, na barua fupi ya kueleza kosa lilivyoanza, bila kujipamba wala kumsingizia mtu. Nakala moja mpe mkuu wako. Nyingine ipeleke mwenyewe ofisi ya maji ya wilaya pamoja na chupa, wakusainie kwamba wamepokea. Kaka yako mwambie kabla hajasikia kazini. Atafoka, mwache afoke.

Lakini hayo ni ya Jumanne, na gazeti hili linatoka Ijumaa. Shangazi atachota leo jioni, na kesho, na keshokutwa. Kwa hiyo usinisome mara ya pili. Vaa viatu uende ukamwambie asinywe, na umwambie tangu lini umejua.