Noti kwenye Paji la Mzee wa Banjo

Shambani kwa Bwana Eldoni,
Vajinia, Marekani.
Theluji mpaka magotini.

Mama yangu Bi Mwanaidi,

Shikamoo, Mama. Na shikamoo tena, maana najua ile ya kwanza utasema si yangu. Magoti yanasemaje na baridi ya asubuhi? Yule mbuzi mweupe ameshazaa? Zuhura, dada yangu, wewe unayemsomea: soma polepole, usiruke kitu, na usichomeke maneno yako.

Mimi ni mzima. Narudia, mzima. Barua ya Zuhura ilinikuta nimekaa juu ya ndoo ndani ya bani, lile banda la kukaushia tumbaku, napanga majani, nikaisoma mara mbili. Eti mtaa mzima wa Chemchem wanasema nimekufa! Eti Mjomba Saidi keshaamua Idi ikipita mnanisomea hitima! Jamani, mtu anasomewaje hitima huku anakula viazi?

Najua chanzo ni mkono wangu. Niliungua mkono wa kulia kwenye bomba la moto la bani, nikawa nawaandikia kwa wa kushoto, na mwandiko ukatoka kama wa mtu mwingine kabisa. Wambea wakapata la kusema: wazungu wamemzika, barua wanaandika wenyewe ili kututuliza. Mama, wewe husomi, na sikulaumu kwa kutoiamini karatasi. Lakini hilo la hitima limeniuma. Limeniuma sana.

Ningekuja mwenyewe unishike kichwa uone. Siwezi. Walionichagua pale Urambo kuja kujifunza kukausha tumbaku walisema msimu mmoja tu. Msimu ukaisha, msimamizi wetu wa huku akasema kaa na wa pili. Pasi yangu ya kusafiria iko kwenye droo yake, na ufunguo wa droo kaufunga kiunoni. Kila nikimwuliza ananipigapiga begani: "Subiri, Hamisi." Nikaomba simu, wakasema Tabora haipatikani. Barabara imezibwa na theluji, na hata isingezibwa ningekwenda wapi? Mbele mlima, nyuma mlima. Siku nyingine naongea Kinyamwezi na ng'ombe wa Bwana Eldoni, mwenye shamba, ili tu nisikie mdomo wangu bado unafanya kazi. Nimefungwa, Mama. Hawajanitia pingu, lakini nimefungwa.

Sasa sikiliza, kuna jambo sikuwaandikia kwa sababu mkono ulikuwa bado unauma.

Kabla ya baridi hii, majani ya miti yalipokuwa yanapukutika, Bwana Eldoni alinichukua kwenda ukumbi wa shule kusikiliza muziki. Alikuwa anapiga mzee mmoja wa banjo, anayejulikana milima yote hii, na bendi yake: fidla, magitaa, na jingine kubwa kama fidla ila limemzidi mpigaji urefu. Siku hiyo walikuwa wanarekodi santuri pale pale, watu wakiwa wamekaa. Fundi wa mitambo akasimama akatuonya: "Tunanasa kila kitu. Mpaka wimbo uishe, hata kikohozi nisikisikie."

Wakaanza. Mama, hao watu wanapiga mbio! Banjo yao si ya kubembeleza kama ile ya harusini kwetu. Mzee anavaa kucha za chuma vidoleni, na vidole huvioni. Nilikaa nyuma kabisa, nimebana mikono kwenye magoti, nimetulia kama nilivyoagizwa.

Halafu wenzake wakanyamaza, mzee akabaki na banjo peke yake. Wimbo ukaenda taratibu, unapanda na kushuka kama ule unaouimba ukipepeta mchele uani. Wallahi nilisahau niko wapi. Kwetu mpigaji akikugusa namna hiyo unabaki kitini? Unaanzaje? Nikainuka. Nikapita katikati ya watu, nikapanda jukwaani na viatu vyangu vizito vya shambani, nikamtuza. Nilikuwa na ile noti yetu ya shilingi tano, niliyoitunza tangu nitoke ili nikifika stesheni ya Tabora nilipie mkokoteni wa kubeba sanduku mpaka nyumbani. Ndiyo niliyombandika mzee kwenye paji la uso, jasho likaishika vizuri. Na kama ada ilivyo, nikajitaja kwa sauti ili ajue nani kamtuza:

"Piga, mzee wangu! Anakutuza Hamisi, mtoto wa Bi Mwanaidi wa Chemchem, Tabora!"

Ndipo nikakumbuka. Mtu mweusi peke yangu, juu ya jukwaa, ukumbi mzima wa wazungu wamenitolea macho. Fundi kashika kichwa. Bwana Eldoni mwekundu kama pilipili. Wanaume wawili wakaanza kunijia, nikasema leo ndiyo basi. Mzee hakuacha kupiga. Noti ilimdondoka ikaangukia ngozi ya banjo, ikawa inatetemeka na kulia ziii, naye anaendelea tu, macho kwangu, mpaka akaumaliza wimbo. Kisha akawainulia mkono wale wawili, wakasimama.

"Kijana, ulikuwa unasema nini?"

Nikamweleza kwa Kiingereza changu cha kuungaunga kwamba kwetu mpigaji akikuingia moyoni unamtuza, na unamwambia wewe ni mtoto wa nani.

"Kwa hiyo jina la mama yako limo humo ndani?"

"Limo."

Akacheka mpaka akafuta machozi, akamgeukia fundi. "Usilikate hilo."

Fundi hakulikata. Msimamizi ndiye hakucheka. Aliniambia nimewaaibisha, na tangu siku ile sitoki shambani bila ruhusa yake. Noti sina tena, ufunguo bado anao.

Juzi, kabla theluji haijaziba barabara, mzee aliniletea santuri yenyewe, wiki ile ile ya barua ya Zuhura. Nikaifunga ndani ya blanketi nikampa aitume kwa ndege. Ikifika, pelekeni kwa Mzee Nasoro, fundi cherehani, gramafoni yake ikiwa bado inazunguka. Mwiteni na Mjomba Saidi. Na wambea waiteni wote, wapeni na kahawa.

Nisalimie Mjomba Saidi, mwambie sina kinyongo, lakini ubani na aurudishe dukani. Nisalimie Shangazi Tatu anayeuza maandazi sokoni, na shemeji yangu wa relini, mume wa Zuhura. Nisalimie kaburi la Baba ukipita.

Mama, weka upande wa pili, wimbo wa mwisho. Banjo itakuwa peke yake. Utasikia viatu vinagonga mbao, hivyo ni vyangu. Halafu utasikia jina lako. Mimi sijui lini watanifungulia, labda msimu huu ukiisha, labda sivyo. Kwa hiyo nikikuita pale, niitikie. Najua santuri haisikii. Wewe itika tu kwa sauti, mbele yao wote, kama unavyoniitikia nikiwa mlangoni.

Ni mimi, kwa mkono wangu wa kulia,
Hamisi wako.