Nimeshona Gauni la Mwili Nisio Nao

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla sijapasua kitu. Mimi ni fundi cherehani, mdogo wangu anaolewa mwezi ujao na mimi ndiye msimamizi wake, basi kwa kiherehere changu nikakata gauni langu kwa kipimo cha mwili ninaoutaka, wala sikuacha kitambaa cha ziada kwenye mishono, nikijiambia nitapungua tu, na kweli nilianza kupungua, ila Jumapili ndiyo inanimaliza. Kila Jumapili tunakula kwa mama, na mimi nikishajibana wiki nzima, nikiona sufuria la wali akili inaniruka, nakula, naongeza, nabeba na keki ya njiani, halafu Jumatatu napanda mizani, mshale umeruka juu, nalia. Siku hiyo sili kitu, kesho yake chai kavu, mikono inatetemeka mpaka juzi nimeshona mkono wa koti la mteja ndani nje, na ikifika Jumatano najikuta nimejificha nyuma ya majora ya vitambaa na mfuko wa biskuti. Juzi Jumapili nikamwambia mama siji tena mpaka harusi ipite. Akauliza, "Kwani mwanangu, chakula changu kimekuwa sumu?" Nikaaga haraka, na tangu hapo situlii. Mdogo wangu naye kila siku, "Dada, vaa basi nione," namzungusha, kwa sababu zipu inakwama mgongoni. Je, siku moja ya kula inafuta wiki nzima? Niache kwenda kwa mama?

Fundi Asiyefunga Zipu

Fundi, pole. Sasa keti nikuseme kidogo.

Kinachoruka kwenye mizani Jumatatu si mafuta yote. Sehemu kubwa ni maji yanayoshikwa na chumvi na wanga, pamoja na chakula ambacho bado kiko tumboni. Ukirudi kula kama kawaida kinashuka chenyewe baada ya siku chache. Lakini sikudanganyi: ukila bila breki, siku moja inaweza kurudisha sehemu nzuri ya ulichopunguza. Inakuchelewesha, haifuti kila kitu. Mwili unajumlisha wiki nzima, na katika wiki yako mama unamlaumu bure. Zile biskuti za Jumatano umezitaja haraka haraka kama si kitu, na ndizo unazoziita mwenyewe kwa kushinda na njaa Jumatatu na Jumanne.

Basi acha kujiadhibu. Jumatatu kula kama siku nyingine yoyote, na mizani isukume chini ya kitanda mpaka Ijumaa. Jumapili usifike ukiwa na njaa ya wiki nzima. Pakua sahani moja ya kushiba, kula ukiongea na mama, keki iache kwake. Kutetemeka kukiendelea, nenda kituo cha afya, usinisubiri mimi.

Kuhusu gauni, hapo umenikera. Mteja gani ungemkatia nguo bila kumpima? Leo jipime kwa tepu, bila kuvuta tumbo ndani. Fumua mishono ya ubavuni pande zote mbili uongeze kipande, hata cha rangi nyingine; wewe ni fundi, utakifanya kionekane kilikusudiwa. Halafu mwite mdogo wako aje akufunge zipu kwa mkono wake. Anataka dada wa kusimama naye, na kusimama kunahitaji pumzi.

Jumapili nenda kwa mama mapema. Alikuuliza swali, bado anasubiri, na jibu lenyewe ni kuketi na kula.