Ngosha na Kitenge cha Tivii

Jumatatu, 4 Agosti 1997

Nimeshinda tena. Leo wote chali. Fundi baiskeli wa Igoma alikuja na maneno mengi, ameondoka kimya, hata chai hakumaliza. Nilimpiga kwa Ngosha, kama kawaida.

Ngosha ndiye mpiganaji wangu kwenye gemu. Mashine ya bandani kwangu imetoka Japani, maandishi yote ya kwao, yamekaa kama nyayo za kuku. Hapa Kirumba hakuna anayeyasoma, hata mwalimu. Kwa hiyo majina nimetoa mimi. Ngosha, yaani mwanaume kwa Kisukuma. Amefunikwa chuma toka utosini hadi kidoleni. Uso hauonekani. Haongei, anapiga tu. Kama mimi nilipokuwa kiwandani kwenye pamba. Tembo ni yule mnene mwenye kifua wazi. Kidosho ni yule msichana wa mapaja.

Yupo mwingine, nywele hadi kiunoni na sketi pana. Vijana wakabisha, wakasema mwanamke. Nikawaambia mwanaume huyo. Mwanangu Doto, aliyeileta mashine kutoka Dar, akasema kweli. Mimi nilicheza ngoma ya bugobogobo na sketi, Magu nzima inatazama. Nishindwe kumjua mwanaume kwa sababu ya nguo? Jicho langu halikosei.

Jumanne, 5 Agosti

Mwenyekiti wa mtaa amekuja. Anasema akina mama wa soko la Mwaloni, wale wa dagaa, wamelalamika. Kinara wao Mama Tabu. Eti bandani kwangu kuna mwanamke anapigana nusu uchi na waume zao wanamkodolea macho. Ijumaa, siku ya Nane Nane, wanakuja kukagua. Wakikuta vile vile, anafunga banda.

Nimekasirika sana. Afunge banda! Kabla ya mashine hii nani alikuwa anaingia uani kwangu? Tangu mke wangu afariki nilikuwa naongea na kuku. Sasa napigiwa shikamoo toka asubuhi. Wanaume wazima wanapanga foleni kupigwa na mimi. Sirudi kwa kuku.

Nikamwambia mwenyekiti: basi, mwanamke hataingia bandani. Hata binti yangu Kulwa, pacha wa Doto, atafagia na kutoka. Akasema tatizo si wanaoingia, tatizo ni aliyemo. Sasa huyo nitamtoaje? Kazaliwa humo.

Jumatano, 6 Agosti

Nimepata dawa! Nimekata kitenge cha zamani cha Kulwa, nimekibandika kwenye tivii, nusu ya chini. Kidosho sasa ana adabu. Kulwa amecheka mpaka ameegemea mlango. "Baba, umemvalisha Mjapani kitenge." Ndiyo. Nani mwingine Mwanza hii amewaza hivyo? Hakuna.

Jioni. Shida. Akiruka, mapaja yanatokea juu ya kitenge. Nimekipandisha. Sasa tunaona vichwa tu.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimepigwa. Naandika mara moja tu, sirudii.

Fundi baiskeli alimchukua Kidosho. Mateke yanatoka chini ya kitenge, huyaoni yakija. Unaona kichwa chake kimetulia kama yuko kwenye ibada, mara wewe uko chini. Mpaka jioni wote wanamgombea. Juzi walimchagua kwa kumtazama. Leo wanamchagua kwa kushinda. Watu wale wale! Nina hasira na nimecheka.

Kesho akina mama. Moyo unadunda kama siku ya mashindano ya ngoma.

Ijumaa, 8 Agosti, Nane Nane

Naandika kwa furaha, mwandiko usamehewe.

Walikuja. Banda halijawahi kujaa hivi. Mama Tabu mbele na harufu yake ya dagaa, wenzake nyuma hadi barabarani, mwenyekiti kwenye benchi. Nikawaonyesha kitenge. Nilitegemea makofi.

Mama Tabu akainama, akakifunua kama anafunua chungu. Akatazama weee. "Baba Kulwa, huyu binti mmemfunga kitenge. Na hili jibaba lenye chupi, mbona hamkulifikiria?"

Alikuwa anamwonyesha Tembo. Tembo amevaa chupi! Nimemtazama tangu siku ya kwanza, sijawahi kuiona. Mama mmoja nyuma akasema hilo liacheni hivyo hivyo. Wakacheka wote. Mwenyekiti akawa anatazama viatu vyake.

Halafu Mama Tabu akabadilika sura. Akasema mapaja ni jambo dogo. Kidosho akipigwa analia kilio cha chumbani, na wanaume wanachekelea, na mabinti zao wakipita njiani wanasikia hayo yote. Tembo akipigwa mbona analia kama mtu aliyeumia? Nilijua sauti anayoisema. Nilikuwa naicheka na mimi.

Akauliza, humu hamna mpiganaji mwenye heshima zake?

Hapo nikasimama. Yupo! Nikamsifia Ngosha mpaka koo likakauka. Amevaa vizuri, hapigi kelele, hashindwi, mwanaume kamili kama mimi. "Haya," akasema, "tumwone huyo mwanaume mpaka mwisho wake."

Mwisho. Sisi tunapigana wenyewe kwa wenyewe. Kupigana na mashine mpaka mwisho, hajafika mtu. Nikashika pedi ya kuchezea. Ngosha akawaangusha wote, akafika kwa joka la mwisho, lile linalotushinda wote. Nikafa. Nikaanza upya. Nikafa. Mwenyekiti akatazama saa yake, akasema mzee, naona tufunge tu.

Kulwa akatoka mlangoni. Hakuomba. "Baba, sogea." Akaipokea pedi mkononi mwangu kama anavyonipokea kikombe.

Kumbe! Kila asubuhi anapofagia, nusu ya kufagia ni kucheza. Vidole vile, sijaona maishani. Joka linatema moto, yeye keshahama. Linageuka, yeye yuko mgongoni. Fundi baiskeli alikuwa anapiga kelele kwenye sikio langu, mimi napiga kwenye lake. Joka likaanguka. Nilimkumbatia mwenyekiti, Mungu anisamehe.

Ngosha akapanda mlimani. Akaweka upanga chini. Akavua kofia ya chuma.

Mama mtu mzima. Kilemba kichwani, mvi zinachungulia pembeni. Amechoka. Akajifuta jasho kwa kiganja, akakaa juu ya jiwe.

Vigelegele, mpaka mbwa wa jirani wakabweka. Mama Tabu akanigeukia, machozi ya kicheko yanamtoka. "Baba Kulwa! Ngosha wako huyo!" Fundi baiskeli naye: "Jicho halikosei, eti mzee?" Nikajibu nilikuwa najua toka zamani. Hakuna aliyeamini hata mmoja. Sikujali. Nilikuwa naruka. Nimeruka kweli, goti linauma.

Mwenyekiti alitaka kusema neno, Mama Tabu akamwahi. Kitenge kitoke. Sauti ya mashine izimwe, ya wote, asionewe mmoja. Na Jumamosi ni siku ya akina mama, wanaume wakae nje wafagie. Banda halifungwi.

Halifungwi!

Jumamosi, 9 Agosti

Siku ya akina mama. Nimekaa nje. Sikufagia. Nimesikia vicheko kutwa. Mama Tabu anacheza na Tembo, anasema anampenda kwa unene. Hajui kitu, anabonyeza tu kama anaponda karanga. Nilivumilia, nikaingia kumfundisha. Nikafukuzwa.

Jumapili, 10 Agosti

Asubuhi. Upepo wa ziwani. Watu hawajaamka.

Nimesoma nilichoandika wiki hii. Kwenye kisomo cha watu wazima walitufundisha kurudi nyuma kusahihisha, na mimi niliwapita wote darasani. Nikachukua kalamu nimsahihishe Ngosha. Anapiga. Hashindwi. Akapanda mlimani. Akakaa juu ya jiwe. Nimepita mstari kwa mstari, sikuona pa kugusa. Yote yanamfaa kama alivyo.

Pale nilipoandika mwanaume, nimepaacha. Sifuti. Na jina ni lile lile. Jina likishatolewa limetolewa.

Kulwa anafagia bandani. Sasa hivi ufagio umenyamaza. Mashine imewaka, haina sauti, nasikia vidole tu.

Nimemchemshia chai. Nimeingia, hakugeuka. Nimeweka kikombe karibu na mkono wake, upande asioweza kukipiga kiwiko.